Usafi wa fuo Pwani: Sherehe huisha Jumamosi, taka hurejea Jumatatu

KILA ifikapo Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Septemba, fuo za Pwani ya Kenya hujaa watu wasiokuja kuogelea. Wanafunzi, wafanyakazi wa benki na hoteli, maafisa wa kaunti na vikundi vya vijana hujipanga mchangani wakiwa na fulana za rangi moja na glavu mikononi. Baada ya saa mbili tatu za kuokota chupa, kandambili na vipande vya nyavu, mifuko hurundikwa pamoja, uzito wa taka hutangazwa, viongozi huhutubu na picha hupigwa.

Desturi hiyo ilianzia katika jimbo la Texas, Marekani, mwaka 1986, na sasa huadhimishwa katika nchi nyingi duniani. Umoja wa Mataifa nao uliitenga Septemba 20 kuwa Siku ya Usafi Duniani, ikaanza kuadhimishwa rasmi mwaka 2024.

Hakuna mwenye busara anayeweza kuibeza kazi ya mtu aliyeinama juani kuokota takataka ambazo si zake. Hata hivyo, maji yakishajaa na kupwa mara mbili tatu, ufuo uleule huwa umepokea shehena mpya. Mwenye kibanda cha madafu, ambaye hakualikwa kuhutubu, ndiye huamka asubuhi ya Jumatatu na kufagia tena mbele ya biashara yake bila ya kupigwa picha.

Kwa hiyo suala si kama hafla hizi zina faida au hazina. Suala ni kile kinachobaki baada ya mabasi kuondoka. Na kwa kuitazama miaka thelathini iliyopita, kuanzia Gazi kusini hadi Watamu kaskazini, jibu linajitokeza waziwazi: shughuli za mazingira zilizodumu ni zile ambazo mwenyeji ndiye anayekaa langoni, anayekata tikiti na anayeshiriki kuamua pesa ziende wapi. Pale ambapo mwenyeji aligeuzwa mgeni mwalikwa katika ufuo wake mwenyewe, kilichosalia ni picha.

Jambo la kwanza ambalo hotuba za Septemba hulipita haraka ni asili ya taka zenyewe. Mto Nairobi hukusanya maji ya mitaa ya jiji kuu na kuyamimina katika Mto Athi. Athi hushuka nyanda za chini na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na hatimaye huingia baharini kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Chupa iliyotupwa katika mtaro wa Nairobi msimu wa masika, isiponaswa njiani, inaweza kufika kwenye mchanga wa Mambrui pasipo kulipiwa nauli.

Si taka zote zitokazo bara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu chupa zilizookotwa katika fuo za Kenya ulibainisha kuwa zipo zinazovuka Bahari ya Hindi kutoka nchi za Asia, nazo huonekana zaidi katika fuo zilizo mbali na miji. Katika fuo za mijini, chupa nyingi ni za hapahapa nchini. Maana yake ni kwamba mkazi wa Kiwayuu huokota uchafu wa mataifa ya ng'ambo, ilhali mkazi wa Mombasa huokota wa jirani yake.

Serikali haikukaa kimya. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa Agosti 28, 2017, ikiwa na adhabu ya faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne, ilipunguza kwa kiasi kikubwa mifuko iliyokuwa ikipepea kwenye miiba na kukwama katika mizizi ya mikoko. Tarehe 5 Juni 2020 ikafuata marufuku ya plastiki zinazotumiwa mara moja katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Lakini chupa ya maji ingali inauzwa dukani hatua chache kutoka ufuoni, na mwenye kuileta hukaguliwa kwa nadra sana.

Wanaoipunguza chupa hiyo kila siku si wageni wa Septemba, ni waokotaji wanaoiuza kwa kilo. Mjini Watamu, wakazi, wenye hoteli na wahifadhi waliungana kuanzisha mpango wa kukusanya na kuchakata taka za ufuo, ambapo anayekusanya hulipwa. Huko Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la urefu wa mita tisa kwa plastiki iliyochakatwa, wakalipamba kwa vipande vya kandambili zilizookotwa mchangani. Jahazi hilo, Flipflopi, lilishushwa majini mwaka 2018 na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, umbali wa kilomita 500 hivi. Ilikuwa hafla, bila shaka, tena yenye picha nyingi. Tofauti ni kwamba nyuma yake kulikuwa na ufundi wa watu wa Lamu na bidhaa inayoweza kuuzwa.

Upandaji miti ni hafla nyingine inayopendwa. Novemba 13, 2023 serikali ilitangaza mapumziko ya kitaifa ili wananchi wapande miche milioni 100 kwa siku hiyo, ikiwa ni sehemu ya mpango wa miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Katika hesabu za namna hii, mche huhesabiwa siku unapoingia ardhini. Nani hurudi kuhesabu iliyo hai baada ya miezi sita?

Pwani ina somo lake la kale kuhusu jambo hilo. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kuotesha miti katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa jangwa jeupe la matumbawe yaliyochongwa. Alijaribu aina 26 za miti. Tatu tu ndizo zilizostahimili, na mvinje ndio uliofanya kazi kubwa. Hata huo mvinje ulidondosha majani magumu yasiyooza, ikabidi waletwe majongoo wa kuyatafuna ili udongo uanze kujijenga. Msitu ambao leo wakazi wa Mombasa huutembelea kwa miguu na baiskeli siku za mapumziko haukupandwa kwa asubuhi moja. Ulingojewa, ukakosewa, ukarekebishwa.

Kwa mikoko kosa huwa la haraka zaidi. Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila moja ina mahali pake: mlilana hutangulia upande wa bahari, mkoko wenye mizizi ya magoti hufuata, kisha mkandaa, na mchu hustahimili hata kule juu kwenye chumvi kali. Mwandalizi wa hafla aliyetoka mjini na mbegu ndefu za mkoko, kwa kuwa ndizo rahisi kuokota na kuchomeka, huwapanga wageni wake katika sehemu yoyote iliyo wazi na inayofikika kwa basi. Miche ikichomekwa kwenye mchanga unaohamahama, wimbi huing'oa kabla ya wiki kuisha. Mwaka unaofuata, eneo hilohilo hutengewa hafla nyingine kwa sababu bado liko wazi.

Wavuvi na wakata boriti wa Pwani wanayajua haya tangu utotoni. Tatizo ni kwamba huulizwa siku ya kupanda, si siku ya kupanga.

Gazi, katika Kaunti ya Kwale, waliulizwa. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa kwa wingi ili kuwa kuni za viwanda, ikaacha uwanja mtupu ambao haukujiotesha wenyewe. Kuanzia mwaka 1991, mtafiti James Kairo, ambaye baadaye alikuwa mwanasayansi mkuu katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), alifanya majaribio ya kuirejesha akishirikiana na wanakijiji. Miche mingine ilishika na mingine ikafa, na elimu ikapatikana.

Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Wanakijiji hulinda hekta 117 za mikoko, nao huuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Pesa zinazopatikana huingia katika hazina ya jamii, na matumizi yake hujadiliwa katika baraza: maji ya bomba yafike wapi, shule ipi ipate vitabu. Mwaka 2017 mradi huo ulipata tuzo ya Equator ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Mfano wake umefuatwa huko Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, katika eneo kubwa zaidi.

Kando ya biashara hiyo ya hewa, akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayopita katikati ya mikoko, ambako wageni hutembezwa na kuandaliwa chakula cha Kipwani. Wenzao wa kisiwa cha Wasini wana njia kama hiyo juu ya bustani ya matumbawe ya kale. Mgeni hulipa kiingilio kidogo na kuondoka akijua tofauti ya mchu na mkandaa, na kiingilio hicho hubaki mikononi mwa kikundi.

Isidhaniwe kuwa Gazi ni pepo. Bei ya hewa ukaa huamuliwa mbali na Kwale, na soko lenyewe limekumbwa na lawama nyingi duniani. Zaidi ya hayo, familia inayohitaji boriti za kujengea nyumba haiwezi kujengea risiti za hewa, na ndiyo sababu mradi ulilazimika kupanda mivinje ili wakazi wapate mbao na kuni mbadala. Lakini hoja hizo zote hujadiliwa na watu walioketi meza moja na hazina, jambo ambalo mchoma mche wa siku moja hana.

Upande wa kaskazini, hori ya Mida karibu na Watamu inatoa mfano mwingine. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya hori hugeuka uwanda wa matope uliojaa kaa na nyungunyungu. Ndege wahamao kutoka Ulaya na Siberia hushinda humo miezi ya kaskazi, pamoja na ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene alaye kaa, ambaye huzaliana kwa kuchimba mashimo katika fuo za mchanga za Ghuba na Bahari ya Shamu. Maji yanaporudi, ndege husogezwa hatua kwa hatua kuelekea ukingoni, mpaka wanamfikia mtazamaji aliyetulia katika kibanda kilicho mwishoni mwa daraja la kamba na mbao.

Daraja hilo si pambo. Kiingilio chake huingia katika mpango wa karo uitwao ASSETS, ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya mwaka 2001, ambao huwasaidia wanafunzi kutoka familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori hiyo kujiunga na shule za sekondari. Watembezaji wa wageni ni vijana wa hapohapo, na wengi wao humtaja ndege kwa jina lake la kisayansi, kwa Kiingereza na kwa Kigiriama, bila ya kufungua kitabu. Hatua chache kutoka hapo, kikundi cha Dabaso huuza chakula cha kaa katika mkahawa uliojengwa juu ya mikoko. Hapo ndipo mgeni anayekuja kutazama machweo hutozwa bila kujiona ametozwa.

Msitu wa Arabuko-Sokoke wenyewe, wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi, ndio mkubwa zaidi uliosalia wa misitu mikavu ya pwani katika Afrika Mashariki. Ni makao ya sange mwenye kiuno cha dhahabu na bundi mdogo wa Sokoke. Kwa mkulima wa pembezoni, hata hivyo, kwa miaka mingi msitu ulimaanisha nyani na ndovu wanaokula mahindi, na askari wanaokamata mwenye mzigo wa kuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wengi walitaka sehemu ya msitu huo ifyekwe wapate mashamba.

Mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 katika uwanja wa magofu ya Gede, ulibadilisha hesabu hiyo. Wakulima hufuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa ambao husafirishwa hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Pasipo msitu hakuna vipepeo wazazi, na pasipo wazazi hakuna pupa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 lilipozuka pendekezo la kuimega sehemu ya msitu kwa ajili ya makazi, wafugaji wa vipepeo walikuwa miongoni mwa waliolipinga. Hakuna hotuba ya mazingira iliyopata kufanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Kusini tena, Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo baadhi yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, huwapokea wageni kwa masharti ya wazee. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, hafanyi kelele, haondoki na hata jani. Utaratibu huo haukubuniwa na mshauri wa utalii. Wazee waliulinda msitu kwa mwiko karne nyingi kabla ya neno uhifadhi kuingia katika ripoti, na ziara ni nyongeza tu juu ya ulinzi uliokuwepo.

Udhaifu wa mipango hii ulidhihirika mwaka 2020. Safari za ndege za kimataifa zilipositishwa mwezi Machi kwa sababu ya Covid-19, njia za mbao zilikosa watembezi na soko la pupa likayumba kwa kuwa nyumba za maonyesho huko Ulaya zilikuwa zimefungwa. Waliotegemea mgeni wa ng'ambo pekee walirudi kwenye makaa na uvuvi. Funzo lilikuwa chungu: matembezi ya mazingira ambayo hayana mteja wa ndani yamejengwa juu ya mchanga.

Na mteja wa ndani yupo. Tangu treni ya Madaraka Express ianze safari mwaka 2017, maelfu ya wakazi wa Nairobi hushuka Mombasa kila Desemba na Pasaka. Wengi hufika hotelini, wakaoga katika kidimbwi kilicho mita hamsini kutoka baharini, wakarudi. Hawakatazwi kwenda Mida wala Gazi. Hawaambiwi tu kwamba zipo, na kampuni inayowasafirisha haina faida kubwa katika kiingilio cha akina mama. Aidha, shule nyingi za bara huwaleta wanafunzi Fort Jesus na kupita moja kwa moja mbele ya mikoko ya Tudor bila ya basi kusimama.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo ya burudani. Wakazi wa Uyombo, kijiji cha Kaunti ya Kilifi kilicho jirani ya hori ya Mida, hawangekubali. Serikali ilipolitaja eneo hilo kuwa mojawapo ya mahali panapofaa kujengwa kinu cha nishati ya nyuklia, wakazi walipinga, na mwezi Mei 2024 maandamano yao yalikabiliwa na polisi. Hoja zao zilikuwa za riziki: samaki, utalii, msitu, hori. Mwaka 2025 mjadala wa kinu hicho ulielekea Siaya. Iwe mtu anaunga mkono nyuklia au anaipinga, ni vigumu kukanusha kwamba watu waliokuwa wakijua kwa shilingi na senti thamani ya hori yao walikuwa na la kusema mbele ya wataalamu waliotoka Nairobi.

Hapo ndipo mashirika na kampuni zinazodhamini fulana za Septemba zinapopaswa kujiuliza. Bajeti ya hema, spika na chakula cha wageni kwa siku moja ingeweza kumlipa mkusanya taka wa kudumu kwa miezi kadhaa, au kukarabati mbao zilizooza za njia ya mikokoni. Kaunti nazo hutuma viongozi kufunga mifuko ya taka, ilhali lori la kuichukua huchelewa siku tatu na mifuko hupasuliwa na kunguru palepale ufuoni. Kunguru hao, kwa wasiojua, wamekuwa na shughuli nyingi kuliko kamati nyingi za mazingira.

Hata kalenda ina neno. Hafla za mjini hupangwa kwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, kwa kuwa ndio wasaa wa wafanyakazi. Hori haifuati Jumamosi. Hufuata bamvua na maji mafu. Anayetaka kupanda mikoko lazima angoje maji yapwe vya kutosha, na anayetaka kuona ndege Mida lazima afike maji yakijaa, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne. Watembezaji wa Dabaso hulazimika kuwaeleza wageni jambo hilo kwa simu, mara nyingi zaidi ya moja.

Kila Januari, watu wa kujitolea hukusanyika katika hori hiyo na kwenye mlango wa Mto Sabaki kuhesabu ndege wa majini, kazi inayofanywa nchini kote tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuna fulana maalumu wala mgeni rasmi. Ni darubini, daftari na matope ya magotini, na hesabu ya mwaka huu hulinganishwa na ya miaka iliyotangulia. Ni mwezi huohuo ambapo wazazi wa Gede na Dabaso hutafuta karo ya muhula wa kwanza, na tikiti zilizokatwa darajani wakati wa sikukuu za Desemba huwa tayari zimeshahesabiwa.